Jirani Yangu Anafunga Vyumba

Baridi ya kwanza ikibisha hodi tu hapa Maine, kaskazini mwa Marekani, jirani yangu, mjane mwenye vidole vilivyopinda kama tangawizi, huanza kufunga vyumba ili kuni zimtoshe. Huondoa maji yote kwenye mabomba ya ghorofani yasije yakaganda na kuyapasua. Huziba upenyo wa chini ya mlango kwa soksi kuukuu zilizojaa mchanga, kisha hupigilia blanketi zito juu ya mlango wenyewe, misumari akiwa ameibana midomoni. Ndiyo maana msimu huo maneno yake hutokea pembeni mwa mdomo. Kila chumba hukiaga: "Lala, tutaonana theluji ikiyeyuka." Ifikapo Januari huwa anaishi jikoni na paka wake, kando ya jiko la kuni. Chumba kimoja tu hakuwahi kukifunga, cha mwanawe Alden, ili akija akute joto.

Juzi Alden alikuja, nami nilikuwa namshushia mama yake kuni. "Mama, nyumba hii imekushinda. Twende mjini ukae kwetu."

"Imenishinda? Mimi narudi nyuma tu, kama mtu mwenye akili. Theluji ikiyeyuka naiteka tena nyumba yote."

"Mama, acha ubishi."

Alibana misumari midomoni, akabeba blanketi, akapanda ngazi hadi kwenye mlango wa chumba cha Alden. "Shika ncha hiyo," akasema. Alden akashika. Nyundo ikalia mpaka msumari wa mwisho.

"Krismasi njoo na godoro lako," akamwambia. "Sisi wa nyumba hii tunalala jikoni."