Kipimo cha Mguu wa Kulia

Mama mkwe wangu alisambaza barua za posta kwa miguu miaka ishirini na tisa. Walipomletea baiskeli akaikataa, eti inamchelewesha, maana kila mtu anamsimamisha aisifie. Mpaka leo watu wazima wanamwita Mama Barua, naye anawajibu kwa namba za nyumba zao. Sasa mtu kama huyo, jamani, umbebe mbele ya majirani na kumpakia garini kama gunia? Hakubali. Na mimi simlaumu hata kidogo.

Goti lake la kulia lilifanyiwa upasuaji, na hospitali ikamtaka aende mazoezi mara mbili kwa wiki, la sivyo mguu utakakamaa. Gari letu la zamani, lile la dizeli la watu wanane, mlango wake uko juu mno. Tukamwekea kigoda. Siku ya tatu kigoda kikateleza, akaenda chini nacho. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila aliinuka na msimamo wake: hakanyagi tena kitu kinachotikisika, na habebwi na mtu. Teksi ndogo nazo akiingia anazama, na kutoka ndiyo kasheshe.

"Tafuteni gari ninaloingia mwenyewe," alituambia. "Siku hiyo nitakwenda."

Mimi ni fundi cherehani. Nikavuta utepe shingoni, nikamwambia ainue mguu kadiri anavyoweza. Sentimita thelathini na sita. Nikaandika kwenye daftari la vipimo, nikawaita wanaume wawili wa nyumba hii, mume wangu na mdogo wake, nikawaonyesha. Sakafu ya gari isizidi hapa, nikasema. Mengine yote amueni nyinyi.

Laiti ningeuma ulimi! Mume wangu ni fundi wa injini za dizeli, na shemeji yangu ni fundi umeme wa majumba. Kuwaachia hao wawili waamue gari la familia ni kujitafutia maradhi ya moyo.

Wiki ya kwanza tu waliona magari mawili kwenye yadi ya kuuzia magari, yote ya watu wanane, moja la dizeli na moja la umeme. Nilikwenda mwenyewe na utepe wangu. La dizeli sentimita thelathini na tano, la umeme thelathini na nne. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia Mama wiki ijayo anakwenda mazoezi. Akacheka, akaniambia nimtolee viatu vyake vyeusi vya kazi.

Wiki ijayo! Thubutu.

"Umeme ukikatika siku tatu?" mume wangu anauliza, kijiko kiko hewani.

"Na dizeli ikikosekana wiki nzima, kaka, kama mwaka juzi?"

"Dizeli naweka kwenye dumu. Wewe umeme utauweka kwenye dumu?"

Watoto wanacheka, chakula kinapoa, na kesho yake wanaanza palepale walipoishia. Shemeji akaleta hesabu za kilomita. Mume wangu akasema hizo ni kilomita za mtu mmoja mwembamba kwenye barabara tambarare. Wakarudi yadi, wakaliomba gari la umeme, wakawapakia wanangu wanne na mifuko miwili ya saruji ili uzito wa familia utimie, wakapanda nalo mlima. Chaji ikashuka haraka, mume wangu akarudi anatabasamu kama aliyeoa tena. Shemeji akasema mlima haupandwi kila siku, na kwenye kuteremka chaji ilirudi kidogo. Walipotaka kurudia safari, muuzaji akawanyima ufunguo.

Mwezi wa pili likaingia wazo la gari la gesi. Sijui nani alilileta! Siku kumi nzima tunaongea gesi, mpaka walipokumbuka kwamba mtungi unakaa nyuma, mahali pa kuweka fremu ya Mama ya kutembelea. Likafa. Wakarudi kwenye dizeli.

Na mume wangu, mtu mzima na akili zake, alikwenda mara nne kuweka sikio kwenye boneti ya lile la umeme.

"Limewaka?" anamuuliza muuzaji.

"Limewaka."

"Mbona halisemi kitu?"

Anaweza kusikia pampu mbovu gari likiwa bado barabara ya pili. Sasa unamletea gari lililo kimya, anajiona amekuwa kiziwi. Hilo nalielewa. Lakini si angesema tu kwamba anaogopa, badala ya kutuzungusha miezi minne?

Mama alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anawasikiliza. Mwanzoni alikuwa akiuliza, "Mmefikia wapi?" Wanamjibu, "Tunakaribia, Mama." Mwezi wa tatu akaacha kuuliza. Mimi nikaona afadhali, mama wa watu ana subira. Nikimuuliza kama mazoezi ya nyumbani anafanya, ananijibu anafanya, nami narudi kwenye mashine, maana shule zilikuwa zinafunguliwa na sare zimejaa mpaka kitandani.

Na hapo ukutani, juu ya mashine, nimebandika karatasi kwa mkono wangu: HATUSHONI KWA KIPIMO CHA ZAMANI. Wateja wananijua. Mtu akiniambia, "Fundi, si unacho kwenye daftari?" namwambia simama, mwili haukai mahali pamoja. Nimegombana na watu wazito kwa ajili ya karatasi hiyo.

Jumamosi moja yakanifika shingoni. Nikazima jiko, nikawaambia wale wawili kwamba mpaka gari liingie uani, kila mtu atajipikia. Mume wangu alijua sitanii. Jumatatu mchana wakaja na lile la umeme, shemeji kwenye usukani amevimba kwa fahari, mume wangu pembeni yake amenuna. Gari likaingia uani bila sauti, paka hata hakuinuka.

Mama akatoka. Amevaa viatu vyeusi, amevipiga rangi mwenyewe. Majirani wawili wakasimama kwenye ukuta. Shemeji akafungua mlango, akajitenga kando kama tulivyokubaliana, asiguse mtu.

Mama akashika mkono wa mlango, akainua mguu wa kulia. Ncha ya kiatu ikagonga ubavu wa gari. Akaushusha, akavuta pumzi, akainua tena. Ikagonga palepale. Mara ya tatu mume wangu akasogea, Mama akamwonyesha kiganja arudi nyuma.

"Si lilipimwa thelathini na nne!" shemeji akaanza.

"Si niliwaambia, haya mabetri yanakaa chini ya sakafu, yanainua gari?"

"Kaka, la dizeli lilikuwa juu zaidi!"

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. Nadhani mtaa mzima ulinisikia.

Nikapiga magoti, nikapima sakafu. Thelathini na nne, vilevile kama miezi minne iliyopita. Nikausogeza utepe kwenye mguu wake.

"Mama, hebu inua tena."

Akainua mpaka uso ukakunjamana. Ishirini na moja. Nikarudia, nikijidanganya kwamba utepe umejikunja. Ishirini na moja. Wiki ile ya kwanza angeingia kwenye la dizeli, angeingia kwenye la umeme, angeingia kwenye lolote kati ya yale mawili na kwenda zake mazoezi.

Mama akashusha mguu polepole, akanitazama pale chini, utepe ukiwa bado kwenye kiatu chake.

"Leo ndiyo unanipima tena, mwanangu?"