Aliyenipa Pole

Katika sura ya tisa ya hadithi yangu, mvuvi mmoja anamvusha binti mtoni alfajiri kwa mtumbwi. Mvuvi huyo nilikuwa nimemuua katika sura ya nne. Nilimzika kabisa, kurasa mbili nzima za mazishi, na wasomaji wakaniandikia kwamba wamelia. Halafu nikasahau. Sura tano baadaye nikamrudisha akiwa mzima, anakohoa na kulalamikia mbu. Nikaituma. Nusu saa haikuisha, pongezi zilikuwa zimeshapita arobaini. Umetisha. Umeua. Noma sana. Shusha vitu. Mmoja alisema ameisoma mara mbili.

Mara mbili, na maiti ameshika kafi.

Ninafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Ifakara. Kutwa nachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vijiji na kadi za harusi. Uandishi sikuusomea popote. Niliishia kidato cha nne, tena kwa matokeo ambayo sipendi kuulizwa, na yote ninayoyajua kuhusu sentensi niliyaokota kwa kusoma chochote kilichopita mbele yangu, hata karatasi za kufungia maandazi. Koma ikikaa mahali si pake naiona kabla sijaliona neno lenyewe. Mteja akiniambia, "Dada, acha tu, itaeleweka," najifanya sijasikia na kuirekebisha.

Hadithi yenyewe si yangu yote. Kuna tamthilia moja ya kigeni, ya wachawi na wafalme na majoka yanayoruka, ambayo vijana wengi wa huku waliiona ikiwa imetafsiriwa na wale jamaa wanaozungumza juu ya picha. Iliisha vibaya. Nilikaa na hasira wiki nzima, kisha nikaanza kuiendeleza mwenyewe kwenye simu. Nilimchukua binti mchawi ambaye waliomtunga walimtelekeza njiani, nikampa nchi yenye mto unaofurika na mashamba ya mpunga, kwa sababu theluji siijui na mafuriko nayajua. Kumbe tuko wengi tunaofanya hivyo. Tuna kundi letu kwenye simu, na mwenye kundi ni kijana wa Dar ambaye sijawahi kumwona uso. Kundi lina sheria moja, imebandikwa juu kabisa: hapa ni pongezi tu, mwenye sumu apite kushoto.

Siku moja mama alishika simu yangu akakuta "umetisha" imeandikwa mara sita mfululizo. Akaniuliza, "Umewafanya nini watoto wa watu?" Nilimweleza kwamba ni sifa. Akasema, "Basi wakusifu kwa maneno yanayoeleweka," akanirudishia simu.

Nilimcheka. Lakini nikiri hapa, kwa kuwa nimeamua kusema yote: sifa hizo ndizo zilizokuwa zinanilisha. Nikishatuma sura, chakula hakipiti mpaka zianze kuingia. Zikichelewa kwa dakika kumi naanza kuisoma upya sura nzima nikitafuta nilipokosea. Na zikija, furaha haimalizi saa moja, kwa sababu naanza kuzichunguza. Huyu kasema umeua, nimeua wapi? Sentensi ipi? Hakuna aliyewahi kuniambia sentensi ipi.

Kulikuwa na sentensi moja niliyokuwa nikiisubiri. Iko katika sura ya nne. Binti anafua shati la yule mvuvi aliyekufa, na katika mfuko anakuta punje moja ya mpunga iliyoanza kuchipua. Niliiandika mara kumi na moja. Nilibadilisha "punje" ikawa "chembe", nikarudisha "punje". Nilitoa machozi ya binti, kwa sababu niliona yanaharibu. Nikaituma na kusubiri mtu mmoja, mmoja tu, aseme kitu kuhusu ule mfuko. Walisema kuhusu joka. Joka lilikuwa limepita juu ya paa mara moja tu, katika mstari nilioutupia haraka ili sura isionekane imepoa.

Sasa turudi kwenye sura ya tisa. Siku ya pili baada ya kuituma, namba ambayo haikuwahi kuandika chochote kundini iliandika maneno mawili: "Pole mwandishi." Chini yake ukafuata ujumbe wa sauti wa dakika saba.

Kundi likawaka.

"Pole ya nini tena?"

"Kwani kafiwa?"

"Huyu katumwa huyu."

"Mwandishi wetu usiumie, wenye wivu hawakosi."

Masikio yalipata moto. Ule ujumbe wa sauti sikuufungua. Nilihisi ninajua kilichomo: dakika saba za mtu kunichambua na kunicheka, mtu aliyegundua kwamba sijasoma. Nikamwandikia mwenye kundi pembeni: "Kuna mtu ananidhihaki, naomba umwangalie." Akajibu mara moja: "Nimeshamtoa dada. Usiwaze." Akaweka na moyo mwekundu. Nikamwandikia asante sana, na kabla ya kutuma nikahakikisha nimeweka nukta.

Nilizaliwa bonde hili. Huku huwezi kumpita mtu aliyeinama shambani bila kumwambia pole na kazi, naye anajibu bila kuinua kichwa, "Nishapoa." Ukipita kimya, jioni habari itafika kwenu kwamba mtoto wenu hana adabu. Neno hilo nimelisema tangu nikiwa mdogo, nimekaa juu ya dungu shambani kwetu nikifukuza ndege wasimalize mpunga, na kila aliyepita chini ananipa pole na mimi nampa pole ya safari. Neno lilelile, lilipokuja kwenye kioo cha simu, nililisoma kama mjini wanavyolisema wakimcheka mtu aliyeteleza kwenye matope. Hakuna aliyenifundisha kulisoma hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, kama mambo yangu yote.

Siku ya nne umeme ulikatika mchana, dukani hakukuwa na la kufanya. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikaanza kufuta vitu ili ipumue. Nilipofika kwenye ule ujumbe wa sauti kidole kiligusa pa kufutia, kikasita, nikaufungua. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kuumia vizuri nikiwa na nafasi.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake kitu kinatatarika kama mafuta juu ya makaa. Alianza hivi: "Pole mwandishi. Pole na kazi, maana hii ni kazi, mimi nimeiona. Nimesoma yote tangu ya kwanza. Namsomea na mwenzangu hapa, macho yake hayaoni herufi ndogo. Sasa tuna mambo mawili matatu."

Mambo yenyewe yalikuwa haya. La kwanza, kwenye matete hakuna anayepiga kafi, kafi inanasa. Pale unasimama na kusukuma mtumbwi kwa mti mrefu, unaitwa pondo. La pili: "Huyu mvuvi tulimzika. Mwenzangu alikataa kula siku ile. Sasa huku anavusha watu. Kama ni mzimu tuambie, hatutaogopa, tulimpenda. Kama umesahau, umesahau, kazi ni nyingi." La tatu: "Ile punje kwenye mfuko wa shati. Pale nilishindwa kuendelea kusoma. Mwenzangu akaniuliza mbona kimya, ni moshi? Nikamwambia ndiyo, moshi."

Niliisikiliza sehemu hiyo mara nyingi. Siwezi kusema nilifurahi. Niliwaka hasira, hasira ambayo bado sijaimaliza. Watu wale wote, umetisha na umeua, miezi yote ile, na aliyesoma alikuwa mmoja. Huyo mmoja alikuja na adabu zote za kwetu, akasalimia kwanza, na kundi zima likamrukia kama mwizi. Wakamrukia kwa niaba yangu. Na mimi nikashukuru kwa nukta.

Nikampigia mwenye kundi. Nilimwambia amrudishe yule mama.

"Dada yangu, tukianza kuruhusu hizo, kundi linakufa," alisema, kwa upole kabisa. "Watu wanakuja kufurahi. Wana shida zao huko nje."

"Lakini alikuwa sahihi. Mvuvi amekufa."

"Mvuvi gani?"

"Wa sura ya nne. Wa sura ya tisa. Si umesema sura ya tisa ni bora kuliko zote?"

"Ni bora, nimesema. Sasa wewe unataka nini, nikusifu au nikukague?"

"Usome."

"Ninasoma," akasema, na sasa nilisikia ameudhika. "Halafu usinigeuzie kibao. Wewe ndiye uliyesema unadhihakiwa. Mimi hata sauti yake sijaisikiliza."

Nikaandika kundini mwenyewe. Nilieleza kwamba katika sura ya tisa kuna mtu aliyekwisha kufa, kwamba nilikosea, kwamba hakuna aliyeniambia isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ametolewa kwa ombi langu, na kwamba ninaona aibu. Nilirekebisha ujumbe ule mara saba kabla ya kuutuma. Majibu yakaja. "Unyenyekevu huu wachache wanao." "Mwandishi mkubwa." "Umetisha dada, sura ya kumi lini?"

Niliiweka simu juu ya mashine ya kopi nikatoka nje. Nilisimama juani mpaka nikaona naweza kurudi ndani bila kutukana.

Namba ya yule mama ilikuwa bado ipo pale juu ya sauti yake. Ilinichukua siku mbili kuipiga, kwa kuwa nilikuwa naandaa maneno kwenye karatasi. Alipopokea, karatasi haikunisaidia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye mwandishi. Wa ile hadithi ya binti na mto."

"Ahaa. Yule anayefukuza watu."

"Si mimi niliye..." nikaanza, nikaacha. "Ni mimi. Niliomba utolewe."

"Kwa kosa gani?"

"Ulinipa pole."

Alicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Nikamsikia anamwita mtu. "We, njoo usikie. Nilifukuzwa kwa sababu ya pole." Sauti nyingine ya kike ikajibu kutoka mbali, bila kucheka: "Muulize mvuvi kafa au hajafa."

"Unatokea wapi, binti?" yule mama akaniuliza.

"Ifakara hapahapa."

"Mtoto wa Ifakara, na pole huijui? Wazazi wapo?"

"Wapo."

"Wasalimie. Waambie kuna kitu walisahau."

Nikasema ni kweli, walisahau au mimi nilikipoteza. Akaniambia wako Mofu, wanakausha samaki kando ya mto, na kwamba husoma wakati samaki wako juu ya chanja kwa sababu moshi hautaki haraka. Nilimwomba anisamehe. Nikamwambia nitapambana mpaka arudishwe kundini.

"Nirudi kufanya nini?" akasema. "Mimi nilifikiri simu yangu mbovu. Nasoma, naona mtu kafufuka, naangalia wenzangu wanasema noma, noma. Nikasema labda wao wana kurasa ambazo mimi sina."

"Hawana."

"Basi sirudi. Lakini huyu mwenzangu ananisumbua. Siku zote hizi kila samaki tukimgeuza ananiuliza habari za mvuvi. Mwambie wewe." Akaweka simu kwenye sauti ya juu.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na njia tatu za kumwokoa yule mvuvi: ndugu pacha, uchawi wa binti, ndoto. Zote tatu kundi lingezishangilia. Nilisikia wanawake wawili wanapumua upande wa pili, na makaa.

"Amekufa," nikasema. "Nilisahau tu."

"Nilikwambia," sauti ya mbali ikasema, na ilikuwa ya mtu aliyeumia. Kisha ikasogea karibu. "Sasa yule binti kavushwa na nani?"

"Bado sijui."

"Mtoto wa kike, mto umejaa, na hujui kavushwa na nani?"

"Sijui, mama."

"Kajue," akasema, na simu ikakatwa. Sijui ni nani kati yao aliyeikata.

Niliiandika upya sura ya tisa kwa wiki tatu. Binti anajisukuma mwenyewe. Anaanguka majini mara mbili, pondo linanasa kwenye tope na kumwacha analining'inia huku mtumbwi unaondoka bila yeye. Joka halimo. Mwenye kundi aliniandikia kwamba mashabiki wananililia. Nikamjibu wasome sura ya nne, kisha nikatoka kundini. Nasema hili bila kujisifu, kwa sababu jioni ile nilikaa nikiangalia simu iliyokuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika.

Sura nikaituma kwa namba moja, Jumamosi mchana, mteja akiwa amesimama mbele yangu anasubiri kopi za cheti chake. Niliipitia kwa mara ya mwisho, nikaona koma moja ambayo sikuwa na uhakika nayo, nikaiacha. Nikabonyeza. Nilitoa kopi zake, mbili zikatoka zimepinda, nikarudia. Simu ikalia juu ya meza kabla hajaondoka.

"Imefika. Subiri, tunageuza samaki kwanza."