Muuaji Ana Mama

Walimwita Mdomo. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya televisheni kwenye banda la video, kipaza sauti mkononi, akizigeuza filamu za kauboi kuwa Kiswahili. Shetani, mjane, hata farasi waliongea kwa kinywa chake, na watu walicheka mpaka kuvunjika mbavu.

Kisha kaka yake, fundi viatu, akachomwa kisu na jirani walipogombana kilabuni, akafa. Jirani akafungwa. Mama wa jirani alikuja msibani kutoa pole, akafukuzwa kama mbwa, na Mdomo alimtazama akiondoka.

Aliporudi kazini, mwenye banda aliweka filamu ya kauboi anayewasaka waliomuua ndugu yake. Muuaji wa mwisho alipopigishwa magoti mavumbini, banda zima likapiga kelele: "Mmalize! Mmalize, Mdomo!"

Muuaji yule alikuwa akilia tu, hana neno. Mdomo akamsemea: "Jamani, nina mama nyumbani."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake wa kila siku. Bunduki ikalia. Mdomo akaweka kipaza sauti chini, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama wa jirani.

"Shikamoo, mama."

Yule mama alimtambua. Akaushika mlango, akalia. Mdomo akaketi naye kizingitini hadi jua likazama. Hakuwa amemsamehe yule jirani, wala hakumdanganya mama kwamba amemsamehe.

Bandani hakurudi tena.