Koti la Matundu ya Kijani

Katika mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Nakuru, miaka ile ya hamsini na kitu, hapakuwa na mtu aliyeahidi kustaafu mara nyingi kama Jayantilal fundi cherehani. Alianza kuahidi siku mwanawe Praful alipojua kukata suruali bila kuharibu kitambaa. Ngoja kijana aoe, alisema, nami nitaweka mkasi chini. Praful akaoa. Ngoja nimwone mjukuu. Mjukuu akazaliwa, akaota meno, akaanza kuiba chaki za dukani na kuzitafuna, na babu yake bado ameinama juu ya kola ya koti. Sasa wimbo ulikuwa mwingine: ngoja vumbi la ziwa lipungue.

Kisingizio hicho kilikuwa kizuri kwa sababu vumbi lenyewe lilikuwepo kweli. Ziwa lilikuwa limekauka pande nyingi, na upepo wa mchana ulileta mjini unga mweupe wa magadi, ukaingia machoni mwa watu, kwenye vyakula na juu ya majora ya vitambaa vyeusi. Kila mtu alifikicha macho. Jayantilal alifikicha zaidi, na miwani yake, aliyoibadilisha Nairobi mara mbili, haikumfaa kitu. Daktari wa huko alimweleza kwamba ana mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Aliporudi alimwambia mkewe kwamba daktari amesema ni vumbi.

Mkewe, Tara, hakubisha. Lakini tangu wakati huo, kila asubuhi baada ya sala na chai, aliketi kwenye kibaraza cha nyuma na kikapu chake cha nyuzi, akatia uzi sindano moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kifua cha kizibao cha mumewe. Zenye uzi mweusi zilikaa kushoto, na za rangi nyingine zote kulia.

"Baba Praful," aliita, kwa maana mwanamke aliyelelewa vizuri kwao hamtaji mumewe kwa jina, "sindano tayari."

Mzee alivaa kizibao, akapita ua, akaingia dukani. Mbele ya wateja alichomoa sindano kifuani bila kuitazama na kuanza kazi papo hapo. Wateja walistaajabu, wakasema huyu ndiye fundi, mwingine ni mshona magunia. Hawakujua kwamba angepewa sindano tupu na uzi angeshinda hapo akichoma hewa mpaka jua lizame.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliwaona wazee wenzake walioacha kazi, wamekaa hekaluni wakihesabiana maumivu ya magoti, na akaona afadhali kufa na mkasi mkononi. Tena alikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba zile sindano za asubuhi zilikuwa furaha ya Tara, ndiyo sehemu yake katika duka. Akiacha yeye, mama wa watu ataamkia nini? Kwa hiyo aliendelea, na moyoni akajiona mume mwema.

Kazi waligawana hivi. Suruali, kaptula na sare zilikuwa za Praful. Makoti yalikuwa ya baba, na hasa matundu ya vifungo, ambayo aliyashona kwa mkono, mshono juu ya mshono, kama alivyofundishwa na baba yake kule Jamnagar, Bara Hindi, kabla ya kupanda meli. Praful alikuwa na mkono mzuri, lakini tundu la koti hakuwahi kuachiwa. Kazi ya pasi ya makaa ilimwangukia yeyote aliyekuwa mikono mitupu.

Mwaka huo, mvua za Agosti zilipokuwa zikiisha, aliingia dukani Hiram Gachanja. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na mfanyabiashara wa viazi kutoka upande wa Njoro, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuhubiri hata akiuliza bei ya chumvi. Binti yake alikuwa anaolewa, na baba mtu alitaka suti nyeusi.

"Fundi, nataka suti ya kunikalisha mbele," alisema. "Hiyo siku wakwe watanitazama kutoka viatu mpaka kofia."

"Wewe kaa mbele tu, Bwana Hiram," Jayantilal akamjibu huku akimzungushia futi kamba. "Nguo niachie mimi."

Praful alishona suruali, mzee akashona koti. Wiki hizo nyumbani kulikuwa na uzi mwingi wa kijani kilichokolea, kwa sababu Praful alikuwa na kazi ya makoti ya watumishi wa hoteli moja. Jayantilal alichomoa sindano kushoto, akashona matundu yote ya mbele, ya mikono, na lile dogo la kuchomekea ua. Akayapitishia kidole gumba. Yalikuwa laini, yamejaa, yamelingana. Kidole hakikumdanganya, lakini kidole hakijui rangi.

Hiram alichukua suti yake jioni yenye mawingu, akaenda zake.

Baada ya harusi alirudi, na hakurudi peke yake. Alikuja na rafiki yake Mathenge, mwenye duka la nyama, na Hiram mwenyewe amelivaa lile koti ingawa haikuwa Jumapili.

"Fundi, umenipatia jina!" alisema kabla hajavuka kizingiti. "Watu wote walikuwa wanauliza hii koti imetoka wapi. Hata mchungaji. Ati hizi matobo za kijani ndiyo mtindo wa Ulaya sasa?"

"Mimi pia nataka kama hiyo," Mathenge akasema. "Nyeusi, lakini matobo iwe kijani, kama ya Hiram."

Jayantilal alimshika Hiram mkono wa koti, akamvuta mpaka barazani penye jua, akainua miwani na kuusogeza mkono ule karibu na jicho mpaka kitambaa kikagusa kope. Hapo akaona. Matundu yalikuwa ya kijani, yaking'aa juu ya cheusi kama majani ya viazi kwenye udongo wa Njoro.

"Hii makosa, Bwana Hiram," alisema. "Mimi nimekosea uzi. Vua, nifumue, nikushonee upya. Bure."

Hiram alicheka mpaka wapita njia wakageuka. "Unasikia huyu mzee? Anaona Mathenge amekuja, sasa anataka kunifichia mtindo! Koti hii mtu haigusi!"

"Nasema kweli. Ni makosa."

"Basi mimi nataka makosa kama hiyo," Mathenge akadakia. "Nipime."

Mtu akisema uwongo dukani hapati shida ya kuaminiwa, lakini Jayantilal siku hiyo alisema kweli, akaonekana mjanja. Alimpima Mathenge. Wageni walipoondoka alikaa juu ya jora.

"Praful," aliita. "Wewe uliliona lile koti kabla halijachukuliwa?"

Praful alisimamisha cherehani. "Niliona, Bapu."

"Na kijani uliiona?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

Kijana alitazama miguu yake. Miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kumwambia baba yake kwamba amekosea, na hakujua maneno ya kuanzia. Baba akaelewa bila kuelezwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko koti lenyewe. Kukosea hukosea kila fundi. Lakini fundi ambaye hata mwanawe anamwonea huruma, huyo kazi imekwisha kumwacha, ila yeye ndiye hajaiacha. Angeweza kukaa kimya, maana Nakuru nzima ilikuwa tayari kununua makosa yake na kuyaita mtindo. Akajiuliza kosa litakalofuata litakuwa la nani, na kama nalo litachekewa.

Sikukuu ya Dasara ilikuwa karibu. Siku hiyo, kwa desturi ya ukoo wao, vyombo vya kazi havifanyi kazi. Cherehani, mikasi na pasi hufutwa, hupakwa alama nyekundu, huvalishwa maua ya manjano na kuombewa, kwa maana ndivyo vinavyolisha nyumba. Kesho yake asubuhi mkubwa wa duka hushona mshono wa kwanza, na mwaka wa kazi umefunguliwa. Jayantilal alikuwa ameushona mshono huo tangu baba yake alipofariki.

Asubuhi hiyo ya baada ya sikukuu, maua yakiwa bado shingoni mwa cherehani, Praful alitandika kitambaa cha koti la Mathenge mbele ya baba yake kama kawaida na kurudi nyuma. Mzee alichomoa sindano kifuani, upande wa kushoto. Akaishika kidogo, kisha akamnyooshea mwanawe.

"Shona wewe."

"Bapu, mshono wa kwanza ni wa mkubwa."

"Ndiyo," mzee alisema. "Shona."

Praful alipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza sindano penye mwanga, akautazama uzi, akasita, akaichomeka mezani na kuchukua nyingine kutoka kikapu cha dukani. Kisha akashona. Jayantilal alimwona akisita, akadhani ni heshima ya mshono wa kwanza, akageuka. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye alikwenda kwenye kona, akafungua pasi ya makaa, akapuliza majivu, akatia makaa mapya. Utotoni Jamnagar kazi yake ya kwanza ilikuwa pasi. Pasi haidai macho. Inadai kiganja kinachojua joto, na kiganja chake hakikuwa na mtoto wa jicho. Mpaka adhuhuri alikuwa amenyoosha makoti yote ya hoteli, jasho likimtiririka, na alijikuta anaimba kidogo.

Saa ya chakula alipita ua, akavua kizibao na kumwekea Tara mapajani, sindano zote zikiwa mahali pake isipokuwa moja.

"Leo sikuzitumia," alisema. "Praful ndiye ameshona. Na kesho ni yeye. Mimi nimeshika pasi."

Alitarajia machozi, akawa amekwisha kutayarisha maneno ya kumpoza. Machozi yalikuja kweli, lakini Tara alikuwa akicheka ndani yake, na mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Mungu ametusikia," alisema. "Baba Praful, mimi sioni. Mwaka wa pili huu. Tundu la sindano nalitafuta kwa ulimi, na rangi nabahatisha. Nilikuwa nangoja wewe uache, ili nami niache."

Jayantilal aliketi chini karibu naye. Ndipo alipolifahamu koti la Hiram, na ndipo alipofahamu kwa nini Praful alisita pale penye mwanga: uzi ule nao haukuwa mweusi. Mpaka hapo alikuwa na hakika kwamba ni mkono wake yeye uliochomoa upande usiotakiwa.

Tara alikuwa akizichomoa zile sindano moja moja, akizirudisha kwenye kikapu. Akasimama ghafla, uso umejaa hofu.

"Niambie kweli. Niliwahi kukosea rangi?"

Mzee aliitazama miguu yake mwenyewe, yenye majivu ya pasi.

"Hata mara moja," alisema.

Naye Tara akaamini, akaenda kupakua chakula.