Mjomba Akisoma Habari, Funga Dirisha

Enzi zetu redio ilikuwa ya nyumba nzima, na kwetu Wembley, London, miaka michache baada ya Mapinduzi ya Unguja, nyumba nzima ilikuwa ikiiogopa. Kila magharibi mama alifunga madirisha, akavuta mapazia, akatukusanya karibu na hita ya mafuta ya taa, ndipo akaanza kutafuta stesheni. Kiarabu hakukijua zaidi ya cha kusalia, lakini sauti alizichambua kama mchele: "Huyu Mmisri, anabembeleza. Huyu Muiraqi, anagomba. Mmoroko huyo, ana haraka, mpite."

Alikuwa akimtafuta mmoja tu, kaka yake, Mjomba Nasoro, aliyetoroka Unguja akawa msomaji wa habari katika redio ya Kiarabu huko Ghuba, kwa jina la kubuni. Habari zenyewe hatukuzielewa. Tulitaka kujua yu hai. Lakini bibi, mama yao, alibaki Unguja, na siri ikitoka atakayeteswa na serikali ni yeye.

"Mkiulizwa, hamna mjomba," mama alituonya. Nilikwenda skuli nikiuogopa mdomo wangu mwenyewe.

Jioni moja, mjomba yumo anasoma, akaingia Bwana Hamdu, Mzanzibari mwenzetu, hodi yake na yeye pamoja. Akasimama na koti limerowa.

"Sauti hii naijua."

"Mmisri huyo," mama akajibu upesi.

"Mmisri gani, bibie? Wamisri hawana jimu hiyo, wao husema 'ga'. Huyo kasoma chuoni Malindi yetu ya Unguja."

Mama akazima redio, akamtilia chai. Bwana Hamdu akanywa chai yake, akaaga. Miezi ikapita tukilala na hofu, kila mlango ukigongwa mama anazima redio kwanza.

Kumbe Bwana Hamdu hakumwambia mtu. Miaka baadaye bibi akaja London, mzima, na kikapu chake. Jioni ile ile mama akamkalisha mbele ya redio, akitaka kumshitua kwa furaha. Sauti ikatoka. Bibi akatega sikio.

"Leo ana mafua," akasema. "Juzi alikuwa mzima."

Miaka yote naye alikuwa akimsikiliza, redio kaifunika kwa kanga! Tulicheka na kulia. Kisha bibi akatazama dirishani. "Punguzeni sauti, wanangu."

Wajukuu wangu siku hizi wameziba masikio kwa vidude vyao, mpaka uwaite mara tatu ndipo wakujibu "What?" Nawacheka, na wivu nawaonea. Mimi, Kiarabu kikitoka kwenye simu, mkono hupunguza sauti kabla sijajua ni cha wapi.