Sanda Ilitangulia

Mama yangu alipooza upande mmoja mwaka ule ambao sukari ilikuwa ya foleni na kitambaa cheupe ni cha kutafuta kwa tochi. Alikuwa akikaa Temeke kwa kaka yangu, maana kwetu mama hakai kwa mkwe wakati mwanawe wa kiume yupo. Mie nilikuwa nimeolewa Mwananyamala, nafanya kazi ya shifti kiwanda cha nguo, na mume wangu alishasema chumba chetu ni kimoja, mama abaki hukohuko. Nilimchukia kwa neno lile, na sijaacha.

Hospitali walituambia jambo moja tu: mgonjwa huyu ageuzwe, kulia, kushoto, kutwa nzima, la sivyo mgongo utaoza. Yaani dawa ni mtu, na mtu hakuwapo. Kaka anatoka alfajiri, wifi anashinda kwenye foleni ya duka la ushirika, mlango wanaufunga kwa nje eti wezi. Nikifika siku zangu za mapumziko namkuta mama amelala vilevile, ameloa, kikombe cha maji kimewekwa upande wa mkono uliokufa. Nikimgeuza, ngozi inabaki kwenye mkeka. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Unanilaumu mie?" kaka akaniuliza. "Chama cha kuzikana nalipa kila mwezi, sijakosa hata mara moja. Mama hatazikwa kwa aibu."

Chama hicho kilikuwa cha majirani, na ndiyo bima pekee tuliyokuwa nayo. Nikaenda kwa mwenyekiti wake. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba wanachama wapeane zamu, mwanamke mmoja tu kwa siku apite kumgeuza mama, na gharama yake ikatwe kwenye mazishi. Akanisikiliza vizuri, hata chai akanipa.

"Mwanangu," akasema, "sie tunashughulika na msiba. Ugonjwa ni wa wenyewe."

Bima gani hiyo inayomngoja mtu afe?

Nyumba ya pili alikaa bibi mmoja wa Kinyamwezi, mtani wetu sie Wazaramo. Nilimweleza yote. Siku yangu ya mapumziko iliyofuata, Jumapili asubuhi, kaka yupo, bibi alikaa kizingitini kwa kaka, akajifunga khanga kiunoni, akaangua kilio cha msiba. Mtaa ukajaa. Chama kikaja na masufuria, mikeka na sanda mpya. Wakaingia ndani, wakamkuta mama anawatazama.

"Haya, mzikeni," mtani akasema. "Au mpaka aache kupumua ndiyo mnaijua njia?"

Nilidhani wataona haya. Wakacheka. Mtani hakasirikiwi, na alisemalo mtani hakuna aendaye nalo nyumbani. Kaka akamtupia sarafu kama ilivyo desturi, ili anyamaze. Bibi wa watu akaiokota.

Mama alikuwa na maneno machache yaliyobaki. Akanyoosha mkono wake mzima, akaishika sanda.

"Nitandikieni sasa," akasema.

Mwenyekiti akamfungua vidole taratibu, kimoja kimoja. Mali ya chama, alisema, ina kazi yake. Wakaikunja, wakaondoka na masufuria yao, na mie zamu ya kesho alfajiri ikawa inaningoja kiwandani.

Mwezi haukuisha, mama akafa. Chama kilitimiza kila kitu, siwezi kukisingizia: wali, nyama, turubai, watu mpaka barabarani, na sanda ni ileile. Kaka alisifiwa sana. Mie niliitwa chumbani kwenye kuosha. Walikuwa wanawake wanne, mmoja ameshika kichwa, wengine mabega na nyonga. Wakamgeuza kulia, wakammwagia maji ya uvuguvugu. Wakamgeuza kushoto.

"Polepole," mkubwa wao akawaambia, "msije mkamuumiza."