Siku mke wangu aliponirudisha nyuma mbele ya kiota cha furukombe, Jilore

Wakuu, poleni na majukumu. Hii nimekaa nayo moyoni muda. Leo naieleza ilivyokuwa bila kutia chumvi, ingawa chumvi ndiyo kazi yangu.

Niko Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Siku za mapumziko napiga picha ndege wawindaji: mwewe, kipanga, tai. Kamera yangu ni ya mtumba, lenzi ina mkwaruzo, lakini inafika mbali.

Mke wangu humu nitamwita Kadzo.

Mwaka jana tulimzika mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa akiwa hana uhai. Mliopitia hayo mnajua.

Baada ya hapo Kadzo alinyamaza. Si kwa hasira. Anapika, anaitikia salamu, kisha anakaa mlangoni kutazama barabara. Mimi nikawa naongea peke yangu nyumba nzima kama redio.

Basi shangazi yake wa Jilore akapiga simu. Furukombe, yule tai wa samaki mwenye kichwa cheupe, amejenga kwenye mgunga mwisho wa shamba lake, karibu na maji. Kinda ameshaanguliwa.

Kwa mpiga picha wa ndege, hiyo si simu ya kupuuza.

Shangazi akaongeza, "Na huyo mwanangu mlete. Nina hamu naye."

Kadzo hakukubali wala hakukataa. Alivaa viatu tu, tukaenda.

Tulipofika tukamwamkia shangazi, akatupa mihogo ya kuchemsha, akatuelekeza tujifiche nyuma ya mahindi. Kutoka pale kiota kilionekana kama mzigo wa kuni uliosahaulika juu ya mti. Nikampa Kadzo kamera achungulie. Alichungulia muda mrefu mno, nikaanza kuona wivu.

Nilipoipokea, nikatoka mafichoni. Matawi yalikuwa yananizibia, nikataka kusogea.

Ndege akainuka. Akazunguka juu akilia, na mimi nikazidi kusogea, maana mabawa yalikuwa yamefunguka yote na jua liko nyuma yangu. (Wenye kamera mnaijua ile tamaa.)

Nikasikia nyuma yangu, "Rudi."

Nikageuka. Kadzo alikuwa amesimama kati ya mahindi.

"Rudi nyuma, mume wangu. Mwana yuko juani, na mamaye hawezi kushuka ukiwa hapo."

Wakuu, maneno mengi hivyo kwa mpigo sikuwa nimeyasikia kwake tangu mazishi.

Ndege alikuwa bado ananipitia juu ya kichwa. Nikashusha kamera, nikarudi.

Tukangoja. Yule ndege akaenda mbali juu ya maji, tukampoteza. Kadzo alinishika mkono wa shati.

"Asiporudi je?"

"Atarudi," nikasema, na sikuwa na uhakika hata kidogo.

Tulikaa hivyo hadi miguu ikafa ganzi. Mwishowe akaja, akatua ukingoni mwa kiota, akafungua mabawa nusu, kinda akaingia kivulini.

Kadzo alinivua kamera shingoni bila kuniomba, akabonyeza.

"Nimempata?"

Nikaangalia. Jani la muhindi limejaza nusu ya picha, na kichwa cha ndege kimekatika.

"Umempata," nikamwambia.

Jioni tukiwa njiani kuelekea barabarani, akasema polepole, "Nilikuwa nimeshamchagulia jina."

Nikamuuliza jina gani. Akanitajia. Nikalirudia, naye akalirudia. Tukalia tukitembea, watu wakitupita na baiskeli zao, wala hatukuona haya.

Jina lenyewe sitaliandika humu. Ni la sisi wawili.

Nilichojifunza: ndege akiinuka kwenye kiota, wewe ndiye uliyezidi kusogea. Rudi, hata kama picha ya maisha inakupita. Na aliyenyamaza nyumbani kwako usimvute kwa maneno. Toka naye, hata kama hajibu.

Mliokaa na mtu mwenye msiba wa aina hii, mlifanyaje? Karibuni, nasoma kila mchango. Kadzo yuko hapa kando yangu, naye anasoma.